Tangazo si kosa, kosa ni kuingia bila hodi

Ndugu zetu, dada zetu, vijana wenzetu wa Mudzipela, Nyakasanza, Lumumba, Sukisa na kila pande ya Bunia,

Leo tunataka kuzungumza juu ya telefone iliyo mfukoni mwako, na juu ya matangazo yanayojifungua yenyewe ndani yake. Tunajua kuna watakaosema: bo, Ituri inaungua, na ninyi mnatuletea habari ya pub za telefone? Tutawajibu mara moja, kisha tutaendelea.

Hapa kwetu telefone si mchezo. Toka Mei 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi. Mtu mwenye kutaka kusafiri kwenda Komanda ao Mungwalu anapiga simu kwanza: barabara iko namna gani leo? Mama aliyekimbia kutoka Djugu na kulala Kigonze anatafuta watu wake kwa telefone. Mwanafunzi anapokea masomo ndani yake, muuzaji wa unga sokoni anapokea franka ndani yake. Basi telefone hiyo ikiwa inajaza kioo chake kwa matangazo wakati unataka kusoma ujumbe wa hatari, ikiwa inamaliza mega ulizonunua asubuhi kabla ya saa sita, ikiwa inakausha betri wakati umeme hakuna, hapo si jambo dogo. Ni mali yako na ni usalama wako.

Na ukienda kulalamika, jibu ni lile lile: "Si virusi, ni pub tu." Hilo neno "tu" ndilo tunalolipinga leo. Tunataka kila mmoja atoke hapa anajua namna wenye kutengeneza antivirusi wanavyopanga hizi programu za matangazo, zipi wanaziacha, zipi wanazikamata, na kwa sababu gani. Mwenye kujua hilo hatadanganywa na neno "tu".

Droo tatu

Watu wengi wanafikiri antivirusi inajua majibu mawili: mgonjwa ao mzima. Sivyo. Iko na droo tatu.

Droo ya kwanza ni ya programu mbaya wazi: virusi, trojani, programu za kupeleleza watu, zile za kufunga mafaili yako na kudai pesa. Hizi zinafutwa bila majadiliano. Droo ya mwisho ni ya programu safi. Katikati yao kuna droo ya tatu, na ndiyo yenye fujo. Humo ndani wanaweka adware, yaani programu zinazoishi kwa kukuonyesha matangazo. Wanaweka pia zile wanazoziita kwa herufi PUP ao PUA, maana yake: programu ambayo pengine hauitaki.

Angalia hilo neno "pengine". Chombo kinakuambia: sisi hatuwezi kusema huyu ni mwizi, lakini ameingia kwa namna inayotutia shaka, wewe mwenye nyumba sema kama ulimkaribisha. Kampuni ya Kaspersky inaandika hata maneno "not-a-virus" mbele ya jina la programu za namna hiyo, yaani "si virusi". Wengi wakiona vile wanapumua, wanabonyeza kuacha, wanaendelea. Lakini maneno yale hayasemi kwamba programu ni nzuri. Yanasema tu kwamba haikuwekwa katika droo ya kwanza. Uamuzi umerudishwa kwako.

Kwa nini wanaogopa kusema wazi?

Hii droo ya katikati haikuzaliwa kwa sababu ya elimu peke yake. Ilizaliwa pia ndani ya mahakama.

Kati ya 1999 na 2000 vilitokea vyombo vya kwanza vya bure vya kutafuta programu za upelelezi katika kompyuta: Ad-Aware ya Lavasoft, na Spybot ya kijana Mjerumani Patrick Kolla. Watu walivipenda kwa sababu antivirusi za wakati ule ziliziacha programu za matangazo zipite. Marekani kulikuwa na kampuni moja inaitwa Gator. Programu yake ilijaza neno la siri kwa niaba yako, bure, lakini nyuma yake ilifuata unavyotembea kwenye intaneti na kukufungulia matangazo. Mara nyingi iliingia kwa kujificha ndani ya programu ingine, sawa Kazaa, ile ya kugawana miziki.

Mwaka 2003 Gator iliishitaki kampuni ndogo PC Pitstop kwa sababu ilithubutu kuiita programu yake "spyware", programu ya upelelezi. Walipatana, na PC Pitstop ikaondoa kurasa zake. Mwaka ule ule Gator ikabadilisha jina, ikajiita Claria. Mtaani tunajua mchezo huo: jina likinuka, mtu anavaa jipya.

Mwaka 2005 chombo cha Microsoft cha kupinga upelelezi kilibadilisha shauri lake juu ya programu za Claria. Zamani kilikuwa kinakushauri uzifungie pembeni, sasa kikakushauri uziache. Wakati ule ule magazeti yaliandika kwamba Microsoft inafikiria kununua Claria. Microsoft ilikana kwamba iliwapendelea. Sisi tunasema hivi tu: programu ni ile ile, kompyuta ni ile ile, neno moja kwenye kioo likabadilika, na mamilioni ya watu wakashauriwa tofauti. Neno lina nguvu namna hiyo.

Kampuni ingine, Zango, ilikubali mwaka 2006 kulipa dola milioni 3 katika kesi ya shirika la serikali ya Marekani linalolinda wanunuzi, kwa sababu ya kuingiza programu zake bila watu kukubali kweli na kuwafanya washindwe kuzitoa. Kisha Zango ikashitaki Kaspersky kwa kuizuia. Mwaka 2009 mahakama ya rufaa ilisema Kaspersky ina haki: mwenye kutengeneza chombo cha kulinda watu anaweza kuzuia kile anachoona kinawasumbua. Mwaka ule ule Zango ilikufa.

Kwa hiyo ukiona "pengine hauitaki", ujue hayo ni maneno yaliyopimwa na wanasheria. Upole wake si cheti cha usafi.

Kipimo kiko wapi?

Sasa swali la maana: wanapima kwa nini? Wandugu, sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wanakosea. Hawapimi kama programu ina matangazo. Matangazo si kosa. Radio zetu hapa Bunia zinaishi kwa matangazo, na kijana mwenye kufungua duka lake ana haki ya kujitangaza. Wanapima namna programu ilivyoingia na namna inavyokaa.

Mwaka 2005 kampuni za antivirusi na watetezi wa haki za watumiaji walikaa pamoja katika muungano ulioitwa Anti-Spyware Coalition, wakaandika maana moja ya kutumiwa na wote. Kwa kifupi walisema: tatizo ni programu inayoingia bila ridhaa ya kweli, ao inayokunyima uwezo wa kuamua juu ya mambo matatu. La kwanza, kubadilisha namna kifaa chako kinavyofanya kazi, siri zako na ulinzi wako. La pili, kutumia nguvu za kifaa chako. La tatu, kukusanya na kugawa habari zako.

Lile la pili linatuhusu sana. Nguvu za kifaa kwetu ni mega, ni betri, ni uniti. Mtu wa Bruxelles mwenye intaneti ya mwezi mzima nyumbani hatasikia programu inayopakua matangazo ya video usiku. Sisi tunaonunua mega kidogo kidogo tunaisikia kwa mfuko. Programu ile ile, hasara si ile ile.

Microsoft leo inaandika masharti yake wazi. Tangazo linapaswa kuwa na njia inayoonekana ya kulifunga, na linapaswa kusema limeletwa na programu gani. Na programu hiyo iweze kutolewa kwa njia ya kawaida, kwa jina lile lile. Google nayo inakataza programu za Android kutoa matangazo juu ya kazi ingine unayofanya. Februari 2020 iliondoa programu karibu 600 kwenye duka lake kwa sababu ya matangazo ya kusumbua, mengine yakitokea hata wakati mtu hakuwa anatumia programu ile.

Ukikusanya hayo yote unapata maswali matano ambayo hata mzee wetu asiyesoma Kifaransa anaweza kuuliza:

Moja, nani alikuleta? Nilikuweka mimi, ao umekuja umejificha ndani ya mwingine?
Mbili, jina lako ni nani? Tangazo hili ni la programu gani?
Tatu, unaongea wapi? Ndani ya chumba chako, ao hata nikiwa napiga simu?
Nne, mlango wa kukutoa uko wapi?
Tano, unachukua nini na unapeleka wapi?

Mgeni mwenye kubisha hodi, akasema jina lake, akakaa sebuleni, akatoka akiambiwa atoke, huyo ni mgeni hata kama anaongea sana. Mwenye kuingia kwa dirisha na kukataa kutoka hatumwiti mgeni.

"Pub tu" inapogeuka wizi

Pengine utasema: sawa, inasumbua, lakini haiibi. Basi tazama mambo yaliyotokea.

Mwaka 2019 ilijulikana programu ya Android inaitwa xHelper. Haikuwa na picha kwenye kioo. Ilileta matangazo yanayojifungua. Oktoba mwaka ule Symantec ilisema imeikuta katika vifaa 45 000. Watu waliitoa, ikarudi. Walifuta telefone nzima na kuanza upya, ikarudi tena. Aprili 2020 Kaspersky ilieleza sababu: ilikuwa inaleta trojani Triada, inayoingia mpaka sehemu ya mfumo wenyewe wa telefone, pale mtumiaji hafiki. Kwa macho ya mwenye telefone ilikuwa "pub tu". Kwa kweli ilikuwa mtu mwenye funguo za nyumba.

Agosti 2020 habari ikafika karibu zaidi. Kampuni ya Upstream, kupitia huduma yake Secure-D, ilitangaza kwamba telefone za aina ya Tecno W2, mpya kutoka dukani, zilikutwa na Triada na xHelper. Zilikuwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini. Ilihesabu majaribio milioni 19.2 ya kuwaandikisha watu kwa siri katika huduma za kulipa, toka Machi 2019, kwenye telefone zaidi ya 200 000. Huduma za kulipa maana yake uniti zinakatwa na mwenyewe hajui. Kampuni mama, Transsion, ilisema kosa lilitoka kwa mmoja katika mnyororo wa wanaoipatia vifaa, na kwamba ilikwisha kutoa dawa.

Hatusemi kila Tecno ina ugonjwa, na hatusemi utupe yako. Tunasema kwamba walioumia ni wanunuzi wa telefone ya bei nafuu. Ndiyo hiyo sisi wengi tunanunua.

Na Agosti 2021 ikaja ile inayotuhusu zaidi kwa tabia zetu. Kaspersky ilikuta Triada ndani ya FMWhatsApp, toleo 16.80.0. Iliingia kwa mlango gani? Kwa kipande cha kuonyesha matangazo kilichowekwa ndani ya programu ile. Miezi michache mbele, Aprili, ilikuwa imekuta jambo la namna hiyo katika APKPure, duka ambapo watu wanachukua programu nje ya duka la Google. Pale pia mlango ulikuwa kipande cha matangazo.

Vijana, tuseme ukweli. Ni wangapi kati yetu tuko na WhatsApp za rangi, tulizopewa na rafiki kwa Bluetooth ili kuokoa mega? Mayele ni mazuri, lakini ndani ya WhatsApp ndipo tunapeana habari za kijiji gani kimeshambuliwa, nani amekimbilia wapi, mkutano uko saa ngapi. Kuweka mazungumzo hayo ndani ya programu ambayo haujui nani ameitengeneza, ni kumpa mtu usiyemjua kiti katikati ya mkutano.

Nani anapima mpimaji?

Jambo ingine: si kila inayojiita antivirusi ni antivirusi. Mwaka 2019 maabara ya AV-Comparatives huko Austria ilijaribu antivirusi 250 za Android. Ni 80 tu zilizoweza kukamata zaidi ya asilimia 30 ya programu mbaya walizopewa bila kushutumu programu safi. Nyingine zilikuwa karibu hazifanyi kitu, isipokuwa kuonyesha matangazo.

Kwa hiyo tangazo likikuambia "telefone yako ina virusi 13, bonyeza hapa", usibonyeze. Ukurasa wa intaneti hauwezi kuona tumbo la telefone yako. Huyo ni daktari wa barabarani anayekupima ungali umevaa koti.

Tufanye nini?

Kwanza, telefone yako mwenyewe. Fungua Paramètres, ingia mahali pa programu zote, soma orodha polepole. Ile usiyoijua, ao isiyo na jina, ao isiyo na picha, iulizie. Angalia pia programu zipi zimepewa ruhusa ya kuonekana juu ya programu nyingine, na zipi zimepewa ruhusa ya accessibilité. Tochi haihitaji ruhusa hizo. Kalkuleta haihitaji. Ondoa ruhusa, kisha toa programu. Ikikataa kutoka, anzisha telefone katika hali ya usalama, pale programu za kuongezwa hazifanyi kazi, uitoe humo. Acha Play Protect ikiwa imewashwa. WhatsApp ichukue kwenye duka rasmi. Na telefone ikifutwa yote na matangazo yakarudi palepale bila wewe kuweka kitu, ujue ugonjwa pengine uko katika mfumo wenyewe. Hapo mrudishie aliyekuuzia, usikubali "pub tu".

Uniti zikipungua bila sababu, uliza kampuni yako ya simu ikupe orodha ya huduma zote ulizoandikishwa, na udai zile usizoziomba zifutwe.

Pili, wenye maduka na mafundi. Tunawaheshimu, wengi ni vijana wenzetu. Tunawaomba jambo moja: msiweke programu ndani ya telefone ya mteja bila kumwambia. Mkiweka, mwambieni jina na mumwonyeshe namna ya kuitoa.

Tatu, serikali. Tunakumbuka RAM. Toka Septemba 2020 uniti za Wakongomani zilikatwa kwa jina hilo, dola 1 kwa mwaka kwa telefone ndogo, dola 7 kwa zile za 3G na 4G. Vijana kila pahali wakasimama, na mwaka 2022 RAM ikaondolewa. Watu waliweza kuipinga kwa sababu ilikuwa na jina na ilikuwa na mwenyewe. Programu inayokula uniti kimya kimya haina jina wala mwenyewe, na ndiyo maana hakuna anayeandamana juu yake. Lakini nchi yetu iko na Code du numérique toka 13 Machi 2023, yenye sehemu juu ya data za mtu na sehemu juu ya makosa ya kimtandao. Na ARPTC ndiyo mamlaka ya kusimamia mambo ya simu. Basi telefone zinazouzwa katika masoko yetu zipimwe, matokeo yatangazwe katika lugha tunazozungumza, na mtu wa Bunia awe na mahali pa kupeleka malalamiko bila kupanda ndege kwenda Kinshasa.

Hatungoji wakubwa ndipo tuanze. Kila mmoja wetu, kabla ya Jumapili, apime telefone tatu: yake, ya mzazi wake, na ya jirani asiyejua kusoma. Aulize yale maswali matano. Andika jina la kila programu uliyoitoa na mahali telefone ilinunuliwa, utuletee. Tukikusanya mia, tutakuwa na orodha. Na mwenye orodha mkononi, akibisha mlango wa ofisi, haambiwi tena "pub tu".